Matairi Mapya na Mshale wa Spidi

Baba Pacha,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Pacha wafuate shuleni kwa miguu. ~~Gari usiliguse kabisa!~~ Haya, liguse, ila ulipeleke polepole kwa fundi umeme wa magari, usipitie kwingine.

Asubuhi nimempeleka mama yako kliniki. Mshale wa spidi uko kwenye sabini inayoruhusiwa, nami naendesha kwa adabu zangu zote. Ghafla mama anashika mlango: "Mkwe wangu, tunakimbizwa na nani?" Hapo hapo askari wa barabarani akatusimamisha. Kipimo chake kilisoma themanini! Nikambishia mpaka akayachungulia matairi yako mapya, yale uliyosema ni urembo tu. Akacheka. Kumbe tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na kompyuta ya gari haina habari, bado inahesabu kwa yale madogo ya zamani. Huenda hata ile taa ya breki kwenye dashibodi, uliyosema itajizima yenyewe, imewaka kwa sababu hiyo hiyo.

Ametuachia kwa onyo. Lakini mbele kidogo palikuwa na kivuko cha watoto, nami ningefika hapo na themanini yangu. Mwambie fundi aingize kipimo cha matairi mapya kwenye kompyuta. Akishindwa, yarudi ya zamani, hata ukinuna.

Mama amelala chumbani, usimpigie honi. Amerudi anacheka peke yake. Anasema wewe mwanawe hujawahi kumwahisha popote, na kuanzia leo dereva wake ni mimi.

Mama Pacha