Mashine Isiguse Mguu wa Kushoto

Tarehe 3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi mzima, ila kazi za hospitali zinanifuata hadi ndotoni.

Nimefurahi umekubali kutibiwa kisigino kwa mawimbi. Usiogope mlio wa mashine. Ni mawimbi ya sauti yenye nguvu. Yanaingia ndani ya nyama na kuushtua ule uvimbe sugu. Damu inafika kwa wingi, mwili unaanza ukarabati upya. Ndiyo maana kwanza kisigino kitauma kidogo. Usimeze vidonge vya kutuliza uvimbe, utaukatiza mwili kazi yake. Na cherehani ipumzishe, tafadhali.

Binti yako

Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anauliza kama unakula.

Mashine ile si mchezo. Siku ya kwanza nilitoka nachechemea, nikajua nimeliwa. Sasa kisigino kinakanyaga sakafu asubuhi bila kunitoa machozi. Vidonge nilimeza mara moja tu, usinikaripie. Wewe ni mwanangu, si daktari wangu.

Cherehani imenishinda kuipumzisha. Sare za shule zimejaa hadi mlangoni. Nakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, na siinuki kutwa nzima ili kisigino kisiguse chini. Umeona akili hiyo? Tatizo, shavu la mguu huo wa kushoto limevimba, lina joto na linavuta. Jumatatu nitamwambia yule dada wa mashine anipige mawimbi na huko. Si uvimbe uleule tu.

Baba yako

Tarehe 20 Februari

Baba,

Shikamoo. Sina nafasi ya salamu ndefu. Mashine isiguse mguu wa kushoto. Huo si uvimbe wa kisigino. Mguu mmoja kuvimba ghafla, una joto, na wewe umekaa kutwa bila kuinuka: huenda damu imeganda kwenye mshipa. Ikipigwa mawimbi inaweza kung'oka ikapanda hadi kwenye mapafu. Usiukande. Nenda hospitali leo.

Nimepiga simu hadi nimechoka. Najua simu yako umeifungia kwenye droo ya nyuzi, kama kawaida yako ukizidiwa na kazi.

Binti yako

Tarehe 22 Februari

Baba, shikamoo. Sijalala. Kesho ndiyo Jumatatu. Jibu hata neno moja.

Mwanao

Tarehe 26 Februari

Mwanangu,

Marahaba, kwa zote ulizonitumia. Mama yako yuko hapa kando ya kitanda, hataki kuzungumza nami.

Jumatatu nilikuwa nimeshajilaza, suruali imekunjwa. Yule dada akautazama mguu, akasita, akataka daktari auone kwanza. Nikabisha. Nikatoa simu nimwoneshe barua yako ya kwanza, ajue bingwa wa mambo haya ni binti yangu. Chini yake zikatokea zile nyingine, ambazo sikuwa nimezifungua. Alizisoma kwa sauti, nami nimelala palepale, kisha akazima mashine.

Hospitali wamekuta kweli damu imeganda. Dawa naipata, mguu umeanza kunywea. Niliogopa, mwanangu, na bado naogopa. Sare wanamalizia wenzangu.

Sijaukanda mguu. Dawa nimekunywa, na simu iko chini ya mto. Uliza lolote, nitajibu.

Mgonjwa wako,
Baba