Mke Wangu Anamlilia Paka, na Paka Yuko kwa Mama

Mpendwa mshauri, Mama Pudensiana, shikamoo. Naomba msaada, na naomba jina langu ulifiche, kwa sababu mimi ni mtu mzima, nina duka la vipuri hapa Kijenge na naimba besi kwenye kwaya ya usharika, na jambo lenyewe ni la paka.

Mke wangu Agnela ni mtu wa Kibosho, na bosi wake wa zamani, mama mmoja Mzungu aliyekuwa akiishi Njiro, aliporudi kwao moja kwa moja alimwachia paka wake wa Kiajemi, na kama hujawahi kumwona paka wa aina hiyo, ana manyoya marefu kama blanketi la mgeni, macho ya rangi ya shaba, na pua iliyoingia ndani kabisa, hata jirani alipomwona mara ya kwanza aliuliza ni nani kampiga, na akilala anakoroma kama mjomba aliyeshiba. Anaitwa Hans, ndilo jina alilokuja nalo, na ni jina la baba yangu mdogo pia, naye hajatusamehe mpaka leo. Watoto wetu wako bweni, nyumba iko kimya, basi Agnela akampenda huyo paka kupita kiasi, kila asubuhi kabla ya chai anamchana kuanzia shingoni mpaka mkiani, anamfuta macho kwa pamba kwa kuwa yanachuruzika machozi, anamwekea chakula kwenye sahani bapa kwa sababu bakuli likiwa na kina uso wake haufiki chini, na mimi nilikuwa nacheka tu.

Sasa mama mkwe wangu akafanyiwa upasuaji, Agnela akatakiwa kwenda Kibosho kumuuguza, na mimi manyoya yananipigisha chafya, ndipo mama yangu mzazi, ambaye ni mjane na anaishi peke yake Akheri, akasema, "Mleteni huku. Panya wanamaliza mahindi yangu stoo. Na yeye ale kwa jasho lake." Agnela alikubali kwa shingo upande, akamweleza mama kwa simu namna ya kumtunza mpaka salio likaisha.

Siku Agnela anarudi, mama akanipigia. "Mwanangu, yule paka wenu amepotea. Nimemwita mpaka sauti imekauka."

Mama Pudensiana, mke wangu alilia kilio cha msibani. Tulipanda Akheri tukazunguka migombani na kwenye kahawa tukiita "Hans! Hans!" mpaka akatokea mzee mmoja mwenye panga, akasema, "Naam, kuna nini?" kumbe naye ni Hans. Mama yangu alikuwa mbele yetu, anaita kuliko sisi wote. Tukabandika picha sokoni Tengeru, watu wakaanza kutuletea paka wa kila rangi, na mmoja alileta sungura, tukabishana naye mpaka akakasirika akasema sisi ndio hatujui paka.

Juzi nikapita kwa mama bila taarifa kumpelekea mafuta ya kula. Nikiwa uani nikamsikia ndani anaongea Kimeru, anasimulia ugomvi wa kikundi chao cha akina mama, nikajua ana mgeni. Nikaingia. Mgeni alikuwa Hans, amelala mapajani kwake juu ya kitenge kipya, tumbo juu, anachanwa kwa kitana ambacho mama huchania nywele zake akienda kanisani, na pembeni kuna bakuli la maji ya uvuguvugu na pamba.

Nikasema, "Mama! Si ulisema amepotea?"

Akasema, "Alikuwa amepotea. Huko kwenu mjini."

Nikamuuliza na panya je, maana wakati huohuo nilimwona mmoja anakatiza kwenda stoo bila haraka yoyote, na Hans anamtazama kama mtu anayetazama gari la jirani. Mama akasema, "Panya wapo. Tumeshawazoea." Kisha akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, tangu baba yako afariki, huyu ndiye wa kwanza kunisikiliza mpaka nimalize. Nyie mkija mnaangalia saa. Nakuomba usimwambie mkeo, Mama Jackline."

Nikaweka mafuta chini nikaondoka, na tangu siku hiyo silali vizuri, kwa sababu Agnela chakula hakishuki, na mbaya zaidi ameanza kumshuku Mama Elinipa, jirani wa mama mwenye mbwa wakali, na ameapa Jumatatu anakwenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mama Pudensiana, je, niseme, niwagombanishe mama yangu na mke wangu maisha yote, au ninyamaze niendelee kumfariji mke wangu kwa msiba ambao marehemu mwenyewe ananenepa?

Ni mimi,
Niliyebanwa Katikati, Kijenge

*

Niliyebanwa, marahaba mwanangu. Nimecheka, sitakudanganya. Nimecheka mpaka nikafika kwa Mama Elinipa, hapo nikaacha. Huyo mama wa watu hajui lolote, anafuga mbwa wake kwa amani, na wewe unataka aitwe mbele ya mwenyekiti ili wewe upate usingizi? Aibu yako.

Unaniuliza umwambie mkeo au unyamaze. Umwambie leo, kabla sahani za chakula cha jioni hazijaoshwa. Usimpeleke Akheri "kusalimia" ili amkute paka kwa bahati, mwanamke si wa kutegewa mtego. Mwambie kwa mdomo wako, na ukimwambia anza na yale maneno ya mama yako kuhusu kusikilizwa, ndipo useme paka yuko hai. Atakasirika. Mwache akasirike.

Mama yako naye amekosea, tena sana. Kumliza mkwe kisha kuongoza msafara wa kumtafuta paka aliyemficha mwenyewe ni dhambi yenye ufundi. Aombe radhi mwenyewe, usimwombee wewe. Lakini wewe, baba mzima, Kijenge na Akheri ni mwendo gani hata mama yako aongee na paka? Unampelekea mafuta ya kula. Nani kakwambia ana njaa?

Kuhusu Hans, nimemuuliza daktari wa mifugo ninayemwamini. Paka wa Kiajemi asiwekwe kulinda mahindi. Ni mpole, hapendi kukimbia, na kwa pua ile akikimbizwa au akikaa kwenye joto anahema kwa taabu. Asipochanwa kila siku manyoya yanajisokota mpaka kwenye ngozi, na yanamuuma. Asipewe maziwa ya ng'ombe, yatamwendesha. Apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na asirande nje penye mbwa wa watu. Na mwambie mama yako asithubutu kuweka sumu ya panya stoo, maana panya aliyekula sumu akifia mbele ya Hans naye akamla, mtalia kweli. Mahindi yatiwe kwenye mapipa ya bati yenye mfuniko. Kazi hiyo ni yako, Jumamosi hii.

*

Wasomaji wangu, kwa kuwa huyu bwana alificha jina lake akamtaja mkewe, nilimsomea jibu hili kwa simu kabla halijachapwa. Jana akanipigia.

Alisema alimwambia Agnela akiwa anaosha vyombo vya mchana. Agnela akafunga bomba, akajifuta mikono, akachukua ufunguo wa gari. Kufika Akheri, mama akawaona, akaingia ndani, akatoka na Hans amemfunga kwenye kitenge, akamkabidhi huku machozi yanamtoka. "Nisamehe, mkwe wangu. Upweke umenifanya mwizi."

Agnela akampokea. Akamgeuza paka, akampapasa kwapani, tumboni, nyuma ya masikio. Hakuna fundo hata moja.

"Nani anamchana hivi?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Jioni ndiyo anapenda zaidi."

Agnela akakaa chini palepale barazani, akaanza kulia, na mama akakaa naye. Walipomaliza kulia, wakaanza kumsema huyu bwana, wakamsema mpaka jua likazama. Kisha Agnela akaingia ndani akamfungia mama mkwe wake nguo kwenye begi. Nyumba na kuku ameachiwa Mama Elinipa, ambaye mpaka leo hajui aliponea wapi.

"Sasa Mama Pudensiana," akaniambia kwa sauti ya chini, "mama amekaa kwenye kiti changu mbele ya televisheni, Hans yuko mapajani, Agnela yupo ubavuni, wanaongea watatu. Nikiingia wananyamaza. Nifanye nini?"

Vuta stuli, mwanangu. Kaa, usiangalie saa, na mwambie mama yako akusimulie ule ugomvi wa kikundi tangu mwanzo.