Hénock Kisimba, na Wimbo Tuliokuzika Nao

Mwaka umetimia, Hénock, tangu Jumanne ile uliporudi kutoka zamu ya Randburg, ukavua buti mlangoni, ukamwambia mkeo Mamie kifua kinakubana kidogo, utalala saa moja tu. Hukuamka. Nyumba yetu ya Yeoville, hapa Johannesburg, haijazoea mpaka leo.

Ulikuwa mlinzi wa geti kwenye maghorofa ya watu, na uliwasalimia wote kwa majina, hata waliokupita kama ukuta. Akina mama waliotoka kazini giza likiingia uliwasindikiza mpaka kwenye robot, taa za barabarani, pale teksi zinaposimama, kisha ukarudi mbio. Chakula chako ulikigawa. Mamie alijua, ndiyo maana alikufungia cha watu wawili. Nguo zako ulipiga pasi mwenyewe, ukisema mke wako anashona nguo za watu kutwa nzima, hizi zako zimwache apumzike.

Na fidla. Nani wa mtaa huu asiyeijua fidla yako?

Wimbo ule una historia, acha tuiandike isije ikapotea. Babu alikuwa mpagazi wa mmisionari mmoja wa Uskoti, huko Katanga. Mzungu huyo alikuwa na fidla, lakini kanisa lake lilikataza kucheza ngoma, hivyo aliipiga peke yake, mlango umefungwa. Wiki aliyomzika mkewe alipiga wimbo mmoja tu, polepole, siku saba mfululizo. Babu akasikiliza dirishani mpaka akaushika wote kwa sikio. Alipofiwa na mama yake akaupiga vilevile, kwenye fidla aliyoichonga mwenyewe. Tangu hapo hakuna Kisimba aliyezikwa bila wimbo ule. Baba akaurithi, nawe ukaja nao Johannesburg, ukawapigia Wakongo na Warundi waliofia ugenini bila ndugu wa kuwalilia. Watoto wa jirani wakiusikia walizima televisheni wenyewe, wakauliza nani amekufa.

Kisha yule bibi wa Kiskoti wa ghorofa ya pili, kazini kwako, akakusikia ukiupiga mluzi getini, akauliza ni wimbo gani, ukamwambia ni wa mazishi. Ulitusimulia kwa kumwigiza. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mnazika watu kwa wimbo huu? Huu ni wa harusi, mwanangu! Kwetu bibi harusi akiingia, wapiga fidla wanaukimbiza, na watu wanaruka mpaka mbao za sakafu zinalia!"

Akakueleza kwamba wimbo wa namna hiyo wanauita jigi, kwamba huu hakuna amjuaye aliyeutunga, kila mpigaji aliupata kwa baba yake, na kila bonde lina jina lake la kuuita. Kila Jumamosi alishuka na kiti chake, akakupigia makofi ya haraka, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, nawe wakati wa mapumziko ukayafuata kwa fidla mpaka wimbo ukakaa sawa.

Ulituita sote sebuleni. "Tumekosea," ulisema. "Mmisionari yule alikuwa anaikumbuka harusi yake. Wimbo huu hauendi tena makaburini. Mwanangu Shekinah akiolewa nitaupiga kwa mwendo wake, na ninyi wote mtacheza. Nikifa kabla, msinizike nao, tafadhali."

Brigitte, dada yako mkubwa, uliyemwita Yaya maisha yako yote, akakujibu papo hapo: "Hebu acha upuuzi. Babu alizikwa nao, baba alizikwa nao, wewe ni nani?" Tulicheka. Eish, tulicheka sana.

Mbele ya kaburi lako Mamie alimshika mkono. "Yaya, alikataza." Lakini Brigitte ndiye aliyekulea tangu mama alipofariki, alikubeba mgongoni, na hakuweza kuvumilia uondoke kimya kama mtu asiye na kwao. Akamgeukia mdogo wako: "Cédric, piga." Cédric akapiga, polepole, kama zamani. Tuseme ukweli, ulikuwa mzuri. Brigitte alilia, akapata nafuu, na kwa miezi kadhaa aliamini amefanya vema.

Mwezi wa tisa Shekinah akaolewa na Gaël. Cédric alikuwa amekwenda Randburg kujifunza mwendo kwa yule bibi, na bibi mwenyewe alikuja ukumbini na fimbo yake. Fidla ikaanza, kwa kasi, kama ulivyotaka. Hénock, ukumbi mzima ukaweka sahani chini. Wanaume wakavua kofia. Mama Capitoline, jirani yetu Mrundi, akaangua kilio. Hata Gaël, aliyekulia mtaa huu, alikuwa ameinamisha kichwa kabla hajajua anafanya nini.

Shekinah alikamata gauni lake kwa mikono miwili, akacheza. Peke yake, katikati ya watu waliosimama kama wako msibani. Akamnyooshea Brigitte mkono. "Shangazi, njoo. Papa alisema wote." Brigitte akajaribu kuinuka. Alichosikia ni udongo unaoanguka juu ya jeneza lako. Akaketi tena. Mtoto alicheza mpaka wimbo ukaisha, kisha akaenda kunywa maji.

Hakumlaumu mtu. Afadhali angelaumu! Kesho yake alimuuliza tu shangazi yake, "Mlipomzika nao Papa, mlidhani mimi nitausikiaje?"

Yaya wako ameomba hili liandikwe kama lilivyo. Ulimwomba jambo moja, akakunyima, na binti yako ndiye aliyeumia. Anakuomba radhi mbele ya watu. Maji yakimwagika hayazoleki, anajua.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, tutakuja kaburini kwako, kisha ibada na chakula nyumbani. Jamaa wanauliza Cédric atapiga saa ngapi. Hatapiga. Fidla itabaki nyumbani, kama ulivyotuomba, nasi tumechelewa mwaka mzima.

Hawatakusahau siku zote za maisha yao: mkeo Mamie, binti yako Shekinah na mumewe Gaël, mdogo wako Cédric, na Yaya wako Brigitte, ambaye mara hii atanyamaza.