Jina Langu Peke Yake

Maskati, Alkhamisi, Februari 1969

Na magongo yetu yote yamebaki kwa askari wa lango la mji, na kesho alasiri tuna mechi na vijana wa Matrah.

Miaka mitatu nimeilea timu hii ya hoki. Tulianza na watoto saba, wote wa sisi tuliotoka Unguja, na gongo moja la dukani. Mengine seremala alituchongea kwa mti wa mkunazi. Sasa wapo kumi na mmoja, na watoto wa Wabalushi wa hapa wamo.

Leo tukitoka mazoezini askari alitusimamisha langoni. "Fimbo zote hizi za nini?"

"Tunapigia mpira, bwana."

"Au mnafundishana vita? Niandikie majina ya hawa."

Watu wamefungwa kwa dogo kuliko hili. Nikaandika jina langu tu.

"Na hawa?"

"Hawa watoto. Niulizwe mimi."

Akanambia asubuhi nende kwa liwali.

Mke wangu Zuwena amenipigia pasi kanzu. Mwisho akauliza, "Kwa ajili ya mpira?"

Baada ya Isha walikuja wote kumi na mmoja. Khalfan, kipa wetu, akanipa karatasi. "Mwalimu, tumejiandika. Hwendi peke yako."

Hatujapata kuwa na orodha ya timu. Hii ndiyo ya kwanza. Nimeisoma mara mbili, kisha nimeitia moto wa taa.

Nnaogopa. Lakini kesho usiku wao watalala kwao.