Korma Isiyo na Malai

Jumatatu, 4 Februari

Daktari kamkataza baba mkwe samli na malai. Nyama vipande viwili tu kwa wiki — mishipa ya moyo imeanza kuziba.  Tulipofika nyumbani Baba akaja juu: tangu lini korma ya nyumba hii ikatiwa malai? Hayo mambo ya mahoteli! Yetu ni mchuzi wa nyama, uzito wake ni mtindi, lozi na vitunguu vya kukaangwa. Miaka arobaini kapikia harusi za Lucknow, hajanunua malai hata kijiko.

Na Ijumaa watu wa Delhi wanaleta posa ya wifi yangu Zehra. Nani apike? Mikono ya Baba inatetemeka. Nikasema mimi. Wakacheka, mume wangu Tauqir wa kwanza. Haya, tutaona!

Jumatano, 6 Februari

Nimejaribu. Mtindi umekatika! Chengachenga tupu, na nyama ya kondoo kilo nzima bure. Nimelia. Baba kaonja kwa ncha ya ulimi, akauliza kama niliacha kukoroga. Kidogo tu, nikasema, nilikwenda kufungua mlango.

"Mlango una watu wengi," kasema. "Mtindi una wewe tu."

Shangazi Kaniz, dada yake Baba, kaniletea kopo la malai kisirisiri. Tia, eti itaficha kila kosa. Nimemrudishia. Mimi si wa kuficha.

Alhamisi, 7 Februari

Nimerudia na mtindi mtupu. Mkono umekufa ganzi. Haukukatika!

Ijumaa, 8 Februari

Wageni wako sebuleni. Sufuria iko juu ya makaa, kifuniko nimekiziba kwa unga uliokandwa. Wakati nakoroga mlango ulibishwa mara tatu — sikwenda! Mafuta niliyaengua kabla ya kuziba, Baba apate vipande vyake viwili. Ila tangu nizibe, humo ndani anajua Mungu.

Kuukata unga ule mbele ya wageni ni kazi ya Baba. Hajawahi kumwachia mtu kisu.

Shangazi ananong'ona kopo bado analo. Thubutu!

Mama wa bwana harusi kauliza leo kapika nani. Tauqir kakohoa. Kisha nimemsikia Baba, sauti ile ya harusini:

"Mkwe wangu. Na atafungua yeye."

Kabla hajaonja. Kabla hajanusa hata mvuke! Miaka arobaini ya jina lake kaiweka juu ya sufuria yangu. Najivuna, na sioni haya kujivuna.

Zehra kaniletea kisu. Wananiita. Naweka kalamu chini, nashika kisu —