Nyumba ya Mwisho kwenye Ramani ya Maji

Kwako Baba,

Maji yamefika nyumbani. Yalifika Jumanne, saa nne asubuhi, na kwa kuwa ulipenda ripoti fupi, ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna jambo ambalo sikukwambia ulipokuwa hai, na nisipoliandika litanikaa kooni hadi uzeeni.

Waliokuja kukuzika walisema mengi juu yako, na mengine yalikuwa ya kweli. Ulichora ramani katika ofisi ya maji ya serikali mjini Nyeri tangu kabla sijazaliwa. Jumatatu hadi Ijumaa ulivaa tai ile moja ya kahawia. Jumamosi ulivaa gambuti ukaenda kuchimba mtaro wa mradi wa maji wa kijiji, bila malipo, mwenyekiti mwenye jembe kama wengine. Mhubiri alisema ulikuwa mpole. Nilimwangalia Mama, naye akaangalia viatu vyake. Hukuwa mpole, Baba. Ulikuwa mbishi wa sauti ya chini.

Nakumbuka jioni uliyotandaza ramani ya mradi mezani, ukaweka vikombe kwenye pembe zake isijikunje. Kila nyumba ilikuwa na namba yake ya zamu ya kuwekewa mfereji wa kufungulia maji. Yetu uliiandika ya mwisho, sitini na moja, ingawa bomba kubwa lilipita kando ya shamba letu mwanzoni kabisa.

"Mwenye mwiko hujipakulia mwisho," ulisema.

Mama alikuwa ametoka mtoni, kamba ya mtungi bado imemwachia alama kwenye paji la uso. "Na mgongo yangu," akauliza, "hiyo iko namba ngapi?"

Ulikunywa chai yako.

Nilikuwa darasa la saba, na shuleni wote walijua baba yangu ndiye mwenyekiti wa maji. Siku moja Gathoni, tuliyeketi naye dawati moja, alikuja akiringa kwamba kwao mfereji umefika, uko nje karibu na zizi. Akaniuliza wetu uko wapi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeteka maji mtoni na sketi yangu ilikuwa bado mbichi. Nikamwambia wetu uko ndani, jikoni, tena ulifika zamani. Uongo ulinitoka kama chafya.

Gathoni alimwambia mamake, na Mama Gathoni, kama unavyomjua, si mtu wa kulaza neno. Haukupita mwezi, wanawake kanisani wakawa wananong'ona kwamba mwenyekiti amejipa maji kwanza, halafu akajiandika wa mwisho ili kuficha. Watu wakaacha kuja kuchimba, mitaro ikaota nyasi. Uliitwa mkutanoni, ukarudi si mwenyekiti tena. Mama alipokuuliza kulikuwa na nini, ulisema, "Ni maneno tu." Nilikuwa pale pale nikichambua maharagwe. Nilijua maneno hayo yalitoka wapi, nikaogopa, nikanyamaza. Sijawahi kujionea aibu kama jioni ile.

Jumamosi iliyofuata uliniita nikushikie ncha ya tepu ya kupimia. Ulikuwa bado unachimba, sasa karibu peke yako, kuelekea nyumba za chini.

"Shika vizuri," ulisema. "Usiachilie."

Nilishika. Nilidhani hujui lolote, na kusema kweli nilishukuru.

Ukachimba hivyo miaka minne, Jumamosi kwa Jumamosi, mara na watu watatu, mara na mmoja. Nyumba ya sitini ilipopata maji, presha ikakuchukua.

Siku moja kabla ya mazishi, kina mama walikuja kupika. Mama Gathoni aliingia jikoni kwetu na sufuria ya kuosha mchele. Akatazama ukuta huu, akatazama ule.

"Mfereji iko wapi?" akamuuliza Mama.

Mama alimwonyesha mtungi na kamba yake, mlangoni. Mama Gathoni aliiweka sufuria chini, akauchukua. Alishuka mtoni mara nne siku hiyo, na si mwepesi. Mara ya nne alinikuta nyuma ya ghala nikipasua kuni, akautua mtungi.

"Kwa ile mkutano ni mimi nilisimama," akasema. "Nikamwambia baba yako, si sisi tumesema, ni mtoto wako mwenyewe. Akaniangalia tu. Akasema, 'Kama ni mtoto wangu alisema, basi nitajibu mimi.' Akakaa chini. Sisi tukafikiria amekubali."

Kumbe ulijua. Ungesema "mtoto amedanganya" yangeisha siku hiyo, na kijiji kingekuja kuangalia jikoni kwetu. Ungenichapa, nami ningelia yakaisha. Badala yake ulinipa ncha ya tepu nishike. Nimekukasirikia kwa hilo, Baba, nisikufiche. Halafu nimekukumbuka hadi kifua kinauma.

Wiki iliyofuata mazishi watu walikuja na majembe bila kuitwa. Kabla hawajaanza nilisimama mbele yao nikasema mfereji wa jikoni ulikuwa uongo wangu, na kwamba wewe hukuwahi kujipa hata tone. Mzee mmoja alivua kofia. Mama Gathoni akasema, "Haya, tumesikia. Sasa shika jembe."

Nilishika. Tulifuata vigingi ulivyokuwa umepigilia kuonyesha njia ya mtaro, na havikuhitaji kusogezwa hata kimoja.

Fundi aliuliza mfereji tuuweke wapi. Mama akasema jikoni. Jumanne, alipomaliza kukaza, sote tulisubiri Mama aufungue, kwa kuwa mgongo ni wake. Alifuta mikono kwenye leso, akarudi nyuma hatua moja, akaniangalia.

"Fungua wewe," akasema. "Si ni wewe ulisema iko."

Naye alijua, miaka yote hiyo. Nilifungua. Kwanza ulitoka upepo, kisha maji mekundu ya udongo, kisha yakatakata.

Pumzika, Baba. Maneno yangu sasa nitayajibu mwenyewe.

Binti yako,
aliyeshika ncha ya tepu