Sinia la Watu Wanne

Kiwengwa,
Mfungo Pili

Kwako dada yangu mpenzi Riyama,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada. Goti linaendeleaje, na yule paka wako mlafi bado anajifanya mwenye nyumba hapo Malindi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila koo limekauka kwa kelele za darasa la nne. Najua tangu Sikukuu unangoja jawabu la ule uhamisho ulionihangaikia, nirudi kusomesha mjini tukae pamoja. Kwenye simu ukiniuliza, mimi hushikwa na kikohozi, ndiyo maana naandika.

Kwanza nikupe kisa. Juzi tulikuwa na hesabu za kugawanya zenye baki, somo ambalo watoto hawataki hata kulisikia. Nikawatoa uwanjani, nikawaambia leo hapa pana arusi: wageni kumi na wanane, kila sinia watu wanne, wali ni mchanga, wapakue kwa kifuu. Wakachora masinia chini, wakakaa. Manne yakajaa, watoto wawili wakabaki wima. Nikauliza tufanyeje.

Tabia, ambaye mama yake analima mwani, akanitazama kama kwamba nimeuliza jambo la aibu. Akasema kwao mgeni haachwi amesimama, watu husogea. Akasogea kweli, akamvuta mmoja; wa pili akavutwa na sinia la jirani. Basi ukazuka ugomvi: wenye masinia ya watu watano wamepunjwa! Wakaanza kuchota mchanga hapa na kutia pale, wakikosea, wakirudia, mpaka kila mtu akaridhika na fungu lake. Hesabu za sehemu nilizoziweka za muhula ujao wamezianza wenyewe.

Mimi akili haikuwepo, dada. Ilikuwa ukumbini kwetu, mbele ya sinia letu: baba, mama, wewe na mimi. Mtu akipiga hodi, mama alikuwa akikunja goti tu, nafasi ikapatikana, na kipande chake cha samaki kikahama bila ya maneno. Nilimkumbuka mpaka nikajifanya nimeingiwa na mchanga machoni. Tabia hakudanganyika, akaniletea maji.

Sasa nikwambie. Barua ya uhamisho ilikuja, nami nimeikataa. Najua chumba umeshakipaka chokaa. Nilitaka kusema ni kwa ajili ya watoto hawa, na wallahi nawapenda, lakini hicho ni kisingizio. Naiogopa ile nyumba, dada. Siwezi kukaa mbele ya lile sinia tumebaki wawili. Halafu nikikumbuka kuwa wewe unakula peke yako, tonge halinipiti.

Basi usiniite tena. Safari hii sogea wewe. Hapa nina vyumba viwili, na upepo ni wa bure. Paka naye aje. Sinia usilisahau, maana mama yake Tabia ameshasema siku utakayofika atakuja kula kwetu, yeye na wanawe wote, na kwa hesabu zangu halitatutosha. Itabidi tubanane.

Wasalimie majirani. Wakikuuliza unakwenda wapi, waambie umealikwa.

Mdogo wako akupendaye,
Kidawa